Kipaza Sauti cha Bwana Fyuzi

3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Nashikilia, na nitaitetea hoja hii mbele ya yeyote, kwamba kipaza sauti kikuukuu kilichojengwa kwa chuma ni bora kuliko kipya kilichojengwa kwa maneno. Nimeitanguliza hoja kabla ya salamu kwa makusudi, maana najua ungeziruka salamu ili uitafute. Sasa shikamoo.

Huku ni kwema. Maktaba imenipa meza yenye dirisha na cheo kirefu kisichoenea kwenye kitambulisho. Chumba changu kiko ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, na kila asubuhi nashuka ngazi nikitazamwa na macho arobaini yasiyo na watu. Nimesikia dada amejifungua mtoto wa kike, na kwamba Bibi anadai mtoto amechukua pua yake. Mpe mtoto pole. Bado ana muda wa kubadilika. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunikata kauli kabla sijafika kwenye hoja ya pili.

Mkutubi mkuu aliyestaafu mwaka jana ameniachia spika mbili za mbao, kila moja inanifika kiunoni. Ni nzuri na ni bubu, kwa kuwa sina kitu cha kuzisukuma. Vyombo viwili vinagombea kazi hiyo. Cha kwanza kiko katika duka la barabara kuu: kipya, kina taa za buluu, boksi lake linatangaza wati elfu mbili, nami nimekinyanyua kwa vidole viwili. Cha pili nimekiona kupitia kioo cha karakana moja kwenye uchochoro wa mafundi saa na wachonga funguo, mwenyewe hakuwepo. Ni cheusi, hakina taa hata moja, kina mapezi ya chuma mgongoni kama samaki aliyekasirika, na rafu imepinda chini yake. Debe tupu haliachi kuvuma, ndiyo hoja yangu kwa ufupi.

Lakini mimi ni mtu wa vitabu, na chombo hiki hakisomeki. Wewe unatengeneza feni, pasi na pampu za nusu ya mji, na Baba aliwahi kuponyokwa na kauli kwamba zamani ulishughulika na vyombo vya sauti, kisha akaanza kusifu mvua. Nifundishe, basi: kipaza sauti kilichokwishatumika hupimwaje, nisije nikanunua kaburi?

Mwanao mbishi.


19 Februari

Mwanangu Profesa,

Marahaba. Bibi kasomewa barua yako mpaka pale kwenye pua, akasema akili unayo, adabu tutakutafutia. Mtoto wa dada yako analia kwa zamu mbili, ya mchana na ya alfajiri. Baba yako goti limempa likizo, anakaa mlangoni anasimamia kazi za wenzake. Mimi nina feni kumi na moja mezani, maana joto limefika na watu ndipo wamekumbuka kwamba feni zao zilikufa mwaka jana.

Hoja yako nimeielewa, na ni nzuri, ila unaisema kama unahutubia wapiga kura. Fanya hivi. Geuza spika zako usome nyuma zimeandikwa omu ngapi. Zikiwa nane, amplifaya yoyote ya maana itazimudu. Zikiwa nne, uliza kwanza. Wati za boksi achana nazo, hizo ni wati za mwenye kiwanda cha maboksi. Tazama skrubu za kifuniko. Vichwa vikiwa vimelika, ujue mikono mingi imepita humo. Ikishafunguliwa, inuse, harufu ya kuungua haifi. Kapasita zile kubwa kama makopo ziwe bapa juu. Zikiumuka kama mkate, ziko njiani kwenda zao.

Usikubali iwashwe moja kwa moja. Fundi apitishe umeme kwanza kwenye balbu ya kawaida: balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia, salama, ikibaki inawaka kwa ukali, ndani mna shoti, aga urudi nyumbani. Kabla spika hazijaungwa, mita iwekwe pale sauti inapotokea, isome karibu na sifuri. Isiposoma hivyo, hiyo amplifaya itakula spika zako kama mchwa. Halafu iache iwake saa nzima, uweke kiganja. Joto la chai ya kunyweka, sawa. La chai ya kupuliza, hapana.

Na jambo moja. Lile neno ulilolitumia mara mbili kuiita amplifaya, usiniandikie tena. Sema amplifaya, kama watu. Sababu siitoi.

Shangazi yako.


2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya Bibi. Dada ameniletea picha ya mtoto. Pua ni ya Bibi kabisa. Naifuta kauli yangu na kumwachia mtoto ujasiri.

Spika zangu ni za omu nane. Nimezigeuza zote mbili, nikapata maumivu ya mgongo na furaha isiyo na kifani.

Kuhusu neno, niruhusu nikupinge kwa heshima. Ni neno letu, limeundwa kwa kitenzi chetu: chombo kinachopaza sauti ni kipaza sauti, na mtu hahitaji kukopa akiwa na chake mfukoni. Nilikuwa nimejiandaa kukuandikia kurasa tatu juu ya jambo hili. Lakini sikiliza kilichonipata, maana tangu siku hiyo sijatulia.

Jumamosi niliikuta karakana iko wazi. Mwenyewe ni mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba, na uchochoro mzima humwita Bwana Fyuzi, kwa sababu mazungumzo yakipata joto tu, hukata. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kuangalia kile kipaza sauti cheusi. Akaweka chini bisibisi yake taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Neno hilo haliingii humu," akasema. "Toka nalo, urudi bila yake."

Nikamweleza, kwa upole niliouokota sijui wapi, kwamba limo katika kamusi.

"Basi kamusi ikuuzie."

Akanionyesha mlango. Mchonga funguo wa jirani alicheka hadi akaharibu ufunguo, kisha akaniambia kwa siri kwamba si mimi wa kwanza. Wateja wamefukuzwa kwa kosa hilo hilo tangu yeye angali mwanagenzi.

Sasa fikiri nami. Watu wawili, miji miwili, hawajuani, na wote wana mwiko mmoja juu ya neno moja lisilo na hatia. Nimesoma sana, Shangazi, lakini sijasoma mahali popote kwamba sadfa huweza kuwa na umbo la namna hii. Nieleze.

Mwanao, anayesubiri mlangoni.


27 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Bibi alikuwa na kikohozi, kimekwisha. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na pampu.

Nimefikiria, naona ununue ile ya dukani. Taa za buluu zinapendeza, na kitu kipya kina waranti. Hizo nzito zinasumbua kubeba.

Usinijibu kwa hoja.

Shangazi.


6 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kwamba Bibi amepona, na natumaini pampu iliyokuchukua wiki nane imepona pia.

Barua yako ina mistari michache kuliko risiti, na inapingana na ile ya Februari katika kila jambo isipokuwa salamu. Aliyeandika kwamba wati za boksi si wati hawezi kunisifia taa za buluu. Kwa hiyo nilihitimisha kwamba Shangazi yangu halisi ni wa Februari, nikamtii huyo.

Nilirudi karakanani nikasema "amplifaya". Ilinikwaruza koo, lakini mlango ulifunguka. Mzee akaitelemsha kutoka kwenye rafu, nami nikaomba tupitishe umeme kwenye balbu kwanza. Akanitazama juu ya miwani. Balbu ikamulika, ikafifia. Mita ikasoma karibu na sifuri pande zote mbili. Tukaunga spika zake za majaribio, akaweka kanda ya mwanamke mmoja anayeimba na kinanda kimoja, basi. Shangazi, sikiliza: kabla ya mstari wa pili nilimsikia yule mwanamke akivuta pumzi. Alikuwa amesimama pale, kati ya koleo na kopo la lehemu, hatua mbili kutoka kwangu, anajaza kifua. Nikageuka kumtazama. Mimi, mwenye shahada, niligeuka kutazama hewa! Saa nzima baadaye niliweka kiganja changu juu ya mapezi, na joto lilikuwa la chai ya kunyweka kabisa. Sijawahi kukitaka kitu maishani mwangu kama ninavyokitaka hiki.

Kisha nikaomba tuchungulie ndani. Kapasita ni bapa, harufu hakuna. Lakini upande wa ndani wa kifuniko kuna vipimo vimeandikwa kwa penseli, safu mbili, na katika safu hizo kuna saba nne. Kila saba imekatwa kiunoni na kupindwa mkia. Nimekuwa nikipokea saba za namna hiyo kwenye bahasha tangu nilipokuwa shule ya bweni. Hakuna mtu mwingine duniani anayepinda mkia wa saba.

Bwana Fyuzi akaniuliza habari ya balbu nimejifunza kwa nani. Nikasema, kwa shangazi yangu, na shangazi yangu ndiye aliyeandika hapa. Akazima mtambo. Akaketi juu ya kreti, akasimulia. Kwamba mlikuwa washirika, karakana moja, nusu kwa nusu. Kwamba siku ya ufunguzi wa ukumbi wa mji wa jirani yeye alitangulia kufunga spika, wewe ukafuata na lori, na ulipofika amplifaya hii ilikuwa imebaki hapa hapa kwenye rafu. Watu mia nane wakakaa wakitazama midomo ikichezacheza jukwaani. "Alisahau," akasema. Kesho yake ukaondoka, na vyombo vya sauti hukuvigusa tena.

Hilo tu, Shangazi? Kusahau si dhambi. Kila mtu husahau; wenye akili husahau zaidi, kwa kuwa wana mengi ya kukumbuka. Mzee hana kinyongo. Niruhusu niinunue, na jambo lenyewe tulizike.

Mwanao, mwenye furaha isiyomtosha chumba.


30 Mei

Wewe kijana,

Marahaba. Bibi hajambo. Mtoto kaota jino. Baba yako anatembea.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikifika pale uliposema kusahau si dhambi, naiweka chini naenda kuchota maji. Umemjua yule mzee kwa siku mbili. Mimi unanijua tangu ulipokuwa ukitambaa chini ya meza yangu ya kazi ukila vipande vya waya. Lini umeniona nimesahau kitu? Alipokwambia nimesahau, hukuniuliza. Ulinisamehe. Nani alikuomba msamaha?

Sikusahau. Nilisoma.

Alinitumia karatasi kwa dereva wa lori. Iliandikwa: njoo na kipaza sauti kikubwa. Sasa wewe mwenye kamusi nijibu. Mtu akishika maiki mkononi, watu huiitaje? Kipaza sauti. Ile tarumbeta juu ya gari la matangazo huitwaje? Kipaza sauti. Na amplifaya je? Hivyo hivyo. Neno moja, vyombo vitatu. Karakanani tulikuwa na maiki mbili, ndogo na ile kubwa ya kusimama. Ndogo alikwenda nayo. Aliniandikia kikubwa, nikambebea ile kubwa, nimeifunga kwenye blanketi, nimeipakata saa mbili njia nzima isije ikagongwa. Amplifaya nilijua kaichukua mwenyewe, maana hakuna fundi anayetangulia kufunga spika akaiacha amplifaya nyumbani. Yeye ndiye aliyeiacha.

Hata hilo ningelimeza. Kukosea ni kwa watu. Lakini alipanda jukwaani mbele ya watu mia nane, akawaambia: "Mniwie radhi, msichana wangu wa kazi amesahau mtambo." Msichana wangu wa kazi. Nusu ya karakana ilikuwa yangu. Na nikwambie, siku ile kipaza sauti pekee kilichofanya kazi kilikuwa mdomo wake, maana walimsikia hadi safu ya mwisho. Tangu hapo nani angenipa mtambo nikaufunge? Nikaja nyumbani kwenye feni. Feni haina jukwaa.

Karatasi yenyewe ninayo. Nimeitia kwenye bahasha hii. Usiitie mikunjo.

Hiyo amplifaya niliifunga kwa mikono yangu, kila waya. Najua inavyolia, huna haja ya kunisimulia pumzi za mtu. Ukitaka kuinunua, nunua. Lakini usiniletee salamu kutoka huko.

Shangazi yako.


14 Juni

Shangazi mpendwa, fundi,

Shikamoo. Mwambie Baba nimefurahi kwamba anatembea, na mtoto kwamba jino la kwanza ni mwanzo wa hoja zote.

Naanza na deni langu. Nilikusamehe kosa usilolitenda, na nilifanya hivyo kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Nimeisoma aya ile upya na nikaona haya ambayo vitabu havikunifundisha kuiandika. Nisamehe mimi. Na kuhusu neno, nimeshindwa: nilidhani nakitetea Kiswahili, kumbe nilikuwa naitetea karatasi ya Bwana Fyuzi. Hoja yangu ya Februari nabaki nayo. Neno lake naliondoa.

Jumamosi nilikwenda karakanani, nikamwambia mzee kwamba sinunui. Akauliza bei ndiyo imenishinda. Nikasema nimeshindwa na swali, nalo nikamuuliza hapo hapo, mchonga funguo akisikia, na fundi saa, na mama mwenye mashine ya kutoa nakala aliyekuja kutafuta fyuzi ya kweli.

"Kama alisahau," nikasema, "kosa lilikuwa la kumbukumbu. Mbona wewe umeliadhibu neno?"

Nikaendelea, maana unanijua. Nikasema kwamba mtu anayeamini mwenzake amesahau hufunga kamba kidoleni au huandika orodha ukutani. Hafukuzi wateja miaka ishirini na sita kwa ajili ya neno moja, isipokuwa analijua neno hilo lilifanya nini. Kisha nikaiweka karatasi yako juu ya meza. Sikuitia mikunjo.

Aliisoma bila miwani, kwa kuwa mtu hahitaji miwani kuusoma mwandiko wake. Uchochoro wote ulisogea mlangoni. Hata mashine ya nakala ilisubiri.

"Nilijua siku ya tatu," akasema hatimaye.

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Watu mia nane walikuwa wameshasikia. Ningewakusanya wapi tena?"

Mchonga funguo, ambaye tangu Machi nilimdhania mcheshi tu, akamjibu kwamba hao mia nane wametawanyika, lakini hadithi ya msichana aliyesahau mtambo ameisikia yeye, na mwanagenzi wake, na kila fundi wa uchochoro huu, na yote imetoka kinywani mwa mtu mmoja ambaye amekaa hapo. Shangazi, nilitamani kumkumbatia. Nimehudhuria midahalo ya chuo kikuu isiyofikia nusu ya sentensi ile.

Bwana Fyuzi alisimama. Nilidhani atakata, kama ilivyo desturi yake. Alikwenda nyuma, akarudi na kipande cha ubao na rangi nyeupe, ile ya kuandikia namba kwenye mitambo ya wateja, akaandika amepiga goti sakafuni, polepole, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Kisha akaupigilia nje, kwenye ukuta wa karakana, mahali mafundi wote hupita kwenda kuchota maji. Nakunakilia neno kwa neno:

"Siku ya ufunguzi wa ukumbi nilisema mbele ya watu kwamba mwenzangu alisahau mtambo. Hakusahau. Mimi niliuacha, na mimi niliandika vibaya. Yeye alisoma sawasawa. Hakuwa msichana wangu wa kazi. Alikuwa mshirika, na kati yetu wawili fundi alikuwa yeye."

Mpaka jioni watu walikuwa wakija kusoma. Wazee watatu wanakukumbuka. Mmoja alinishika mkono akaniambia kwamba katika mji huu hajasikia tena mtambo uliofungwa bila mvumo hata chembe, tangu yule binti aondoke. Nilijivuna kana kwamba nimeufunga mimi.

Amplifaya bado iko kwenye rafu. Mzee anataka kunipa bure, nimekataa. Nimemwambia kwamba sitaigusa mpaka nusu ya pili ya karakana itoe idhini, kwa kuwa chombo kilichofungwa na wewe hakiwezi kuuzwa na yeye peke yake. Amekubali, na uchochoro mzima umeshuhudia.

Najua utakachofanya. Utaandika mistari mitatu, utaniambia ninunue au nisinunue, utabandika stempu, urudi kwenye feni. Nalikataa jibu hilo kabla halijafika. Ulitukanwa hadharani, umetakaswa hadharani, na jibu la kwenye bahasha halitoshi. Alipoandika, Bwana Fyuzi aliishia katikati ya ubao kwa makusudi. Chini yake ameacha nafasi, na brashi ameiloweka kwenye mafuta ya taa isikauke. Hajui utaandika nini pale, na anaogopa, nami sikumpa faraja yoyote, kwa sababu sijui pia. Msamehe, mkatae, mwite jina lolote unaloona linamfaa, niruhusu niichukue amplifaya au amuru ivunjwe: hilo ni lako. Lakini njoo uliandike kwa mkono wako, kwa herufi za kusomeka kutoka upande wa pili wa njia, na chini yake utie sahihi ya fundi.

Nakutaka ujibu, Shangazi, na mafundi wote wanasubiri kusoma.

Mpwa wako.